Sendofu ni Novemba, mkesha wa mwaka mpya haupo mbali, na Simba anaogopa fataki

Wanangu wa safu ya mifugo, salaam kutoka Ilazo, Dodoma.

Nina mbwa wawili. Simba ni dume wa miaka minne, wa kienyeji aliyechanganyika, ana kama kilo 28, ndiye mlinzi wetu. Popi ni jike wa wiki kumi, ametoka Kongwa mwezi huu. Shida ni Simba. Siku za kawaida ni mkali, muuza maji hathubutu kugusa geti. Lakini zikianza sherehe za kuanzia Oktoba, mara kipaimara, mara mahafali, mara harusi kwenye ukumbi wa nyuma yetu, ukali wote unakwisha. Matarumbeta yakipita anaingia chini ya gari na kutetemeka. Mkesha wa mwaka mpya uliopita tulimfunga mnyororo kwenye mwarobaini. Fataki zilipolia saa sita usiku alikata mkanda, akaruka ukuta, akapotea siku mbili. Alirudi na jeraha begani na kucha zinatoka damu.

Mwaka huu ni zaidi. Jumamosi ya mwisho ya Novemba tunamuaga binti yangu hapahapa nyumbani: maturubai, watu kama 150, watoto, muziki, na kamati imeshapanga fataki wakati wa kukata keki. Mzee wangu anasema apewe Piriton au kifuniko kimoja cha pombe kali alale. Shemeji anasema mnyororo mnene zaidi. Fundi anasema afungiwe stoo ya mabati. Baadhi ya wageni ni Waislamu, sitaki mbwa awaguse. Tena sherehe iliyopita Simba alitapika siku tatu kwa sababu ya makombo. Nianzie wapi?

Mama Bibi Harusi, Ilazo

*

Shikamoo Mama, na hongera kwa binti.

Umeandika Septemba, na hilo lina faida kubwa. Anayeuliza Desemba 30 huwa amebakiwa na chumba na dawa tu. Wewe una wiki kama nane hadi sendofu, na zaidi ya kumi na mbili hadi mkesha. Muda huo unatosha kupunguza hofu yenyewe ndani ya Simba, si kumficha tu.

Kwanza tuumalize ushauri wa nyumbani. Pombe hapana, hata kifuniko. Humshusha mbwa sukari ya damu, joto la mwili na pumzi, na bado ataogopa vilevile. Tofauti ni kwamba atakuwa anakimbia huku anayumba, na akitapika anaweza kupaliwa. Piriton ni dawa ya mzio inayosinzisha kidogo, haigusi hofu. Kibaya zaidi, mtu akiikosa kabatini huchukua dawa ya mafua iliyo karibu, na nyingi ya hizo zimechanganywa na paracetamol, ambayo huharibu ini la mbwa na damu yake.

Mnyororo ndio unaotutisha kuliko vyote. Mbwa aliyeruka ukuta akiwa amefungwa hubaki ananing'inia upande wa pili. Mwaka jana Simba alinusurika kwa sababu mkanda ulikatika. Ukinunua mnene, mwaka huu hautakatika. Pia mbwa aliyefungwa anajua hana pa kukimbilia, kwa hiyo mtoto wa mgeni akimsogelea, kinachobaki ni kuuma.

Fundi yuko karibu na ukweli: ndani ni sawa, mabati si sawa. Mchana wa Novemba Dodoma hupita nyuzi 30, na chini ya bati lisilo na dari ni moto zaidi. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hofu nayo humhemesha na kumpandisha joto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likigonga 41 ni dharura ya kumlowesha kwa maji ya bomba ya kawaida, kumwekea feni na kumkimbiza kwa daktari. Isitoshe bati hukuza kelele. Mvua zetu za kwanza, na radi zake, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, wiki zilezile za sherehe, na mbwa anayeogopa fataki mara nyingi huogopa radi pia. Chumba utakachoandaa kitatumika mpaka masika yaishe.

Chagua chumba cha ndani chenye ukuta wa tofali, dari, na madirisha machache, mbali na upande wa turubai. Simba mwenyewe ameshakuonyesha anachotaka: anaingia chini ya gari, yaani anatafuta giza na kitu cha chini juu ya mgongo wake. Basi sogeza meza kwenye kona, ifunike blanketi mpaka sakafuni pande tatu, acha upande mmoja wazi. Chini weka mkeka au gunia na khanga yako uliyoivaa, isiyofuliwa. Dirisha lizibe kwa blanketi zito au godoro la zamani, kwa sababu mwanga wa fataki humshtua sawa na mlio. Feni iwake, inampa hewa, na mvumo wake unafunika kelele ndogondogo. Redio iwe kwenye kituo cha mazungumzo kwa sauti ya kawaida. Ukiipandisha ishindane na muziki wa nje, umemwongezea kelele ya pili. Iwe ya betri, maana Tanesco nao hawana ratiba ya sherehe zako. Mbwa wa kilo 28 hunywa kama lita moja na nusu kwa siku ya kawaida. Mwekee lita tatu kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Ondoa nyaya, sumu ya panya, na viatu vya bibi harusi.

Chumba hicho kisiwe kigeni kwake siku ya sherehe. Anza wiki hii kumlisha chakula cha jioni humo, mlango wazi. Baada ya siku nne tano, rudisha mlango wakati anakula, ufungue kabla hajamaliza. Kisha mfungie dakika tano akiwa na mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe, baadaye kumi, ishirini, saa nzima. Akianza kukwaruza mlango umekwenda haraka. Rudi hatua moja. Zile kucha zilizotoka damu huenda zilitokana na kukwaruza hivyo, na kwenye mlango wa mbao ni rahisi kung'oka.

Sasa mazoezi ya sauti, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Tafuta rekodi za fataki, matarumbeta na radi. Spika ya simu haitoi besi, na besi ndiyo humtisha, kwa hiyo unganisha na spika ya bluetooth. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, uyakate vipande vya ukubwa wa ukucha. Mbwa husikia mitetemo ya juu kufikia kama 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000, na hata sauti hafifu anaidaka kutoka mbali kuliko sisi. Kwa hiyo usipime kwa sikio lako. Anza chini kiasi kwamba Simba anageuza sikio tu kisha anaendelea na shughuli zake. Mlio mmoja, halafu ini mara moja. Mlio, ini. Mpangilio huo usigeuke: ukitoa ini kwanza ndipo upige mlio, atajifunza kuogopa ini. Dakika tano kwa siku zinatosha. Siku mbili tatu akiwa mtulivu, ongeza sauti kidogo sana.

Kipimo chako ni mdomo wake. Mbwa aliyezidiwa na hofu hukataa chakula. Akiacha ini, akalaza masikio, akajilamba midomo wakati hana cha kulamba, akapiga miayo, akahema bila joto, au akaficha mkia tumboni, zima, na kesho anzia chini zaidi. Wengi hukosea hapo: wanafululiza sauti ya juu ili "azoee". Hazoei, anazidi kuogopa, na kila mlipuko mpya humkuta hali yake ni mbaya kuliko jana. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na wiki moja tunamwambia asianze kabisa. Siku ambayo ukumbi wa nyuma una harusi ya kweli, usifanye zoezi. Mpeleke chumbani, ini limwagwe sakafuni.

Utasikia watu wakisema ukimpapasa mbwa anayeogopa unamfundisha woga. Si kweli. Hofu si tabia anayoifanya kwa makusudi apate zawadi. Akikujia na kukuegemea, mpapase polepole, zungumza kwa sauti ya chini. Akitaka kukaa peke yake chini ya meza, mwache, usimvute mguu. Kumpiga au kumfokea ndiko kunakoharibu, maana sasa fataki zimekuja pamoja na kipigo.

Na fataki za sendofu, Mama, za ukumbini huna mamlaka nazo, lakini hizi ni za kwako. Iambie kamati ichukue zile za kumwaga cheche kandokando ya keki bila mlipuko. Keki itakatwa, picha zitatoka. Spika nazo zigeuzwe zisitazame upande wa chumba cha Simba. Kwa mkesha, ongea na majirani mapema ujue nani anarusha na saa ngapi.

Siku ya sherehe mtembeze asubuhi na mapema, saa kumi na mbili hadi saa moja, kwa kamba, dakika 45 au zaidi, achoke. Chakula kikuu apewe saa nane au tisa mchana, kiasi cha kawaida. Tumbo likishajaa atalala. Kabla wageni hawajaingia, na kwa mkesha kabla giza halijaingia, mtoe kwa kamba ajisaidie, hata kama ndani ya ukuta wenu wenyewe. Fataki za kwanza mara nyingi ni za watoto wasiosubiri saa sita. Kisha chumbani, na ufunguo awe nao mtu mmoja asiye na kazi nyingine ya maana, si wewe mama wa bibi harusi. Kijana huyo amchungulie kila nusu saa. Bandika karatasi mlangoni: MBWA, USIFUNGUE. Mgeni anayetafuta choo ndiye hufungua milango yote.

Hapo umemaliza na suala la wageni Waislamu pia. Wengi huchukulia mate ya mbwa kuwa najisi, na nguo iliyoguswa itawasumbua wakitaka kuswali, kwa hiyo mbwa aingie chumbani kabla wao hawajafika, si baada ya mtu kuguswa. Vyombo vyake visikae karibu na vya wapishi.

Shemeji atauliza nani atalinda. Mbwa aliye chini ya gari anatetemeka halindi kitu. Usiku huo lipa mlinzi.

Makombo. Tatizo kubwa la sherehe za kwetu ni mifupa na vijiti. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Kijiti cha mshikaki kinanukia nyama kwa hiyo mbwa hukimeza kizima, na kinaweza kutoboa utumbo siku kadhaa baadaye, wakati mmeshasahau sherehe. Waambie wahudumu kila meza iwe na ndoo ya vijiti na mifupa, na mapipa yawe na mfuniko wa kubana, si mifuko iliyoegeshwa ukutani. Mafuta ya nyama choma na ngozi za kuku huweza kuwasha kongosho, na kutapika kwa Simba kwa siku tatu kunafanana na hilo.

Kwa Dodoma kuna jambo ambalo wengi hawalijui: zabibu ni sumu kwa mbwa, mbichi na kavu pia. Huua figo. Mbwa mmoja anakula shada haoni kitu, mwingine wa uzito uleule anakula chache anakufa. Inaaminika ni kwa sababu kiasi cha asidi ya tartari hutofautiana kati ya zabibu na zabibu, kwa hiyo hakuna kiwango cha kusema "hiki ni salama". Ukwaju una asidi hiyohiyo kwa wingi, na umeshadhuru mbwa. Basi makapi ya zabibu kutoka kwa wakamuaji wa mvinyo, na makapi ya ukwaju mliochuja juisi, yafukiwe au yatupwe mbali, yasimwagwe nyuma ya jiko. Dalili ni kutapika ndani ya saa 24, kisha kulegea na kukojoa kidogo au kutokojoa kabisa siku moja hadi tatu baadaye. Usisubiri dalili ya pili; figo zikishasimama ni vigumu kuzirudisha.

Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mbwa huleta madhara, maana yake Simba kwa gramu 400 hivi, Popi kwa kitunguu kimoja. Kijiko cha pilau hakitamuua Simba, sufuria la rosti lililoachwa chini ni habari nyingine, na dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya kahawa. Chokoleti nyeusi, unga wa kakao, machicha ya pombe, donge la unga lililowekwa hamira, na chingamu isiyo na sukari yenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), vyote viwe juu asikofika.

Akila kimojawapo, usimnyweshe chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa na mafuta ya kula hayaondoi sumu. Na aliyemeza kijiti au mfupa hatapishwi kabisa, kwa sababu kitamchana kikirudi. Piga simu kwa daktari wa mifugo, sema amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi. Namba hiyo itafute leo na uhakikishe anafanya kazi Jumamosi usiku.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Simba iangalie kwenye cheti. Hurudiwa kila mwaka, na kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza kinga huhesabiwa imekamilika baada ya siku kama 28. Kwa hiyo afisa mifugo wa kata aonwe kabla ya mwisho wa Oktoba. Mtu yeyote akiumwa, hata mkwaruzo mdogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Dawa za hofu zipo, na kwa mbwa aliyefikia kuruka ukuta hatuoni aibu kuzishauri. Daktari anaweza kuandika trazodoni, gabapentini au alprazolamu, kwa uzito na baada ya kumpima. Hutolewa saa moja au mbili kabla ya kelele. Akishaanza kutetemeka dawa hufanya kazi nusunusu. Mjaribishe dozi moja siku tulivu, wiki mbili kabla, muone kama inamlegeza sana au, kwa wachache, inamchachamaza. Gabapentini ya maji ya binadamu isitumike bila kusoma chupa, baadhi zina zailitoli. Na ukiuziwa asepromazini dukani kama "dawa ya kutuliza mbwa", usiitegemee peke yake. Inalegeza misuli, inamfanya aonekane mtulivu, lakini ndani hofu iko palepale na safari hii hawezi hata kukimbia.

Pamoja na yote hayo, jiandae kana kwamba atatoroka. Mkanda wa shingoni uingie vidole viwili tu, na namba yako iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Matofali, pipa na kuni zilizoegeshwa ukutani ziondolewe, ndizo ngazi zake. Piga picha yake ya ubavu sasa. Akipotea, mpelekee picha mwenyekiti wa mtaa na kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, hao huona kila kitu. Mtafute kelele zikiisha, kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri, kwenye makalavati, makorongo na magofu ya nyumba zisizomalizika. Ukimwona usimkimbilie wala kumwita kwa nguvu. Chuchumaa ukimpa ubavu, dondosha ini. Nyumbani geti liachwe wazi kidogo, mtu akikesha hapo, mkeka wake na maji nje.

Popi ana bahati ya umri. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 mtoto wa mbwa hupokea sauti na watu wapya kwa wepesi ambao haurudi, naye amebakiza wiki nne. Mpigie rekodi zilezile wakati wa kula kila siku, mpakate kibarazani matarumbeta yakipita, watu tofauti wampe chakula. Asitembee chini mitaani kwanza, chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikie wiki 16, na ya kichaa apate akifikisha miezi mitatu. Siku ya sherehe wawe vyumba viwili tofauti, kwani watoto hujifunza hofu kwa kuwatazama wakubwa.

Asubuhi baada ya fataki, fagieni uwanja kabla mbwa hawajatoka. Mabaki ya fataki yana baruti na kemikali zenye sumu, na baadhi huwa hayajalipuka. Okoteni vijiti, mifupa na vifuniko vya chupa, hasa chini ya maturubai walipokaa watu wa mishikaki. Simba atoke kwa kamba siku hiyo yote, geti likiwa limefungwa, kwa sababu kuna wenye fataki zilizobaki watakaozimalizia mchana.